Watu wa Marselina

Bagamoyo, 3 Novemba 1886

Kwa kaka yangu Hieronimo, huko Mandera.

Pokea salamu zangu nyingi, na za binti yangu Marselina, na za jirani yangu Mwanamvua ambaye hakujui lakini husalimu kila mtu. U hali gani? Mguu uliojikata kwa tezo umepona, au bado unaufanya kisingizio cha kukwepa kazi? Sisi huku hatujambo, isipokuwa kifua changu. Kikohozi kilichonishika wakati wa masika hakijaniachia.

Nakuandikia kwa neno moja, nalo usilichukulie mzaha. Tulipomzika mume wangu Tarcis, baada ya ndui, Mwanamvua alikuja kunipa pole. Akaketi mkekani, akatazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wa kwao wako wapi, mwanangu?" Nikamwambia Tarcis hakuwa na wa kwao, alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa misheni. Akauliza, "Na wa kwako wewe?" Nilimchukia kwa swali lile kwa muda mrefu.

Sasa sina nafasi ya kumchukia. Wiki iliyopita nilitema damu, na jana tena. Wewe na mimi tumeona wengine walioanza hivi, tunajua wanaishia wapi. Marselina hajafika miaka sita. Nikifa atachukuliwa na masista, na sisemi masista ni wabaya, walinilea. Lakini nilikua nikilala safu moja na watoto wasio na mtu, na sitaki mwanangu alale safu ile. Mjini nako unajua: mtoto asiye na wa kumdai hupotea sokoni mchana kweupe, na hakuna atakayeuliza. Wewe ungempokea, sina shaka. Ila wewe, kaka yangu wa kulelewa pamoja misheni, nawe huna watu kama mimi, na siku ukianguka kutoka juu ya paa atarudi pale pale.

Nitafutie watu wangu. Nikiwasikia wanawake wa Kizigua wakizungumza sokoni, maneno mengine nayaelewa kabla sijayafikiri, na ndiyo maana nadhani natoka huko uliko. Barua hii anakuletea Bwanausi, mume wa Mwanamvua, anayepeleka chumvi na papa mkavu bara kwa njia ya Saadani. Hulalamika safari nzima, lakini ni mwaminifu.

Mimi dada yako,
Genoveva


Mandera, 20 Januari 1887

Dada yangu Genoveva,

Salamu sana, wewe na mtoto. Nilifurahi kuuona mwandiko wako, sikufurahi kwa ulichoandika. Niliisoma barua, nikaiweka chini, nikaurudia mlango niliokuwa naupiga randa, nikauharibu. Mguu umepona, ahsante kwa kejeli.

Nitatafuta. Lakini ni lazima nikuambie kwamba sijui mtu hutafutaje kitu cha namna hii. Nikisimama njia panda niseme namtafuta mama yake Genoveva, nani ataitika? Jina hilo ulipewa ukiwa umekwisha kupotea. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mandera nilijaribu kujitafuta mwenyewe, ila sikukuambia. Nilikwenda kijiji hadi kijiji nikiwauliza watu kama wanautambua uso wangu. Wengine walinipa maji, wengine waliniachilia mbwa. Mimi nimebaki na moshi wa nyumba inayoungua na mkono wa mtu ukinivuta, basi, na kwa hayo humpati mtu. Niliacha, na sipendi kulifikiria.

Huenda wewe umebaki na zaidi. Niandikie kila unachokumbuka, hata unachokiona cha kipuuzi, usinichagulie. Walikuitaje? Baba yako walimwitaje? Mlikula nini, na mlikataa nini? Mwombe Mwanamvua akutazame mgongoni na kwingine macho yako yasikofika, kama una chale. Na usikae nje kwenye umande.

Kaka yako,
Hieronimo


Bagamoyo, 14 Februari 1887

Kaka Hieronimo,

Salamu, na habari za kazi? Sisi tunaendelea. Marselina amejifunza kuniiga ninavyokohoa na huwafanyia wenzake mchezo huo uani. Nilimchapa, kisha nikajuta.

Umeniagiza kukumbuka kana kwamba umeniagiza sokoni. Nilikaa na Mwanamvua akisuka ukili, mimi nikisema, yeye akiuliza, na kila nilipokwama alinitaka nifanye kwa mikono badala ya kusema. Akanipa mchi. Nilipotwanga kidogo akasema, "Unaona? Sisi hatuinui kiwiko hivyo. Huo mkono ulifundishwa bara." Miaka yote nimetwanga hivyo na hakuna aliyeniambia.

Haya ndiyo niliyoyapata. Jina langu lilikuwa Nyange. Baba watu walimwita Semhando. Nina chale tatu ndogo nyuma ya bega la kushoto. Mwanamvua ameziona, mimi sijawahi kuziona. Mama alikuwa hali kwale. Si kwamba hakumpenda. Baba akileta kwale mama alitoka nje ya nyumba, akanitoa na mimi, tukakaa chini ya uchaga wa mahindi hadi harufu iishe, na chungu kile hakukigusa tena. Siku niliyochukuliwa tulikuwa watoto watupu shambani, tunawinga ndege kwenye mtama, wakatokea watu. Uso wa mama siukumbuki. Naukumbuka mgongo wake, kwa sababu ndio niliolalia.

Nimeandika na kulia, na karatasi imeharibika hapa chini. Usicheke.

Dada yako,
Genoveva


Mandera, 9 Juni 1887

Dada mpenzi,

Salamu. Naomba Mungu barua hii ikukute una nafuu. Mimi ni mzima, ila najiona mjinga, na nitakueleza kwa nini.

Misheni ilitufundisha kuandika jina la mtu kisha jina la baba yake, nikaona hiyo ndiyo njia. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kijiji kimoja, nikakaa barazani na wanaume, nikauliza habari za Semhando. Akina Semhando wako wengi. Mmoja alikuwa kijana mdogo kuliko mimi. Mwingine amekufa na hakuwahi kuoa. Wa tatu ni mzee mmoja mwembamba, na huyo nilimweleza kila kitu nikiwa bado nimesimama mlangoni: binti, mtama, ndege, mwaka. Akainuka, akanikumbatia, akalia machozi ya kweli. "Ndiye mwanangu," akasema, "nilijua atarudi." Kisha akauliza binti amemtumia nguo gani.

Nilimvulia shati langu. Usiku ule nilikuwa nimekwisha kuanza kukuandikia kwamba nimempata baba yako. Asubuhi likanijia wazo la kumwuliza chale ziko wapi. Akasema kwenye paji la uso. Nikamwambia hapana. Akasema basi ni shavuni, na uzee unasahaulisha. Kosa ni langu. Nilimpa majibu kabla ya kumwuliza swali, na yeye ana njaa kama wengi wa huku tangu mvua ziliposhindwa. Nimerudi nimejifunika gunia, na padre ameniuliza shati liko wapi.

Nisamehe. Sijui niendelee wapi.

Kaka yako,
Hieronimo


Bagamoyo, 2 Julai 1887

Hieronimo,

Salamu. Hali yangu si nzuri, na sitaki tuitumie karatasi kwa hilo. Siwezi tena kubeba maji. Marselina anakwenda kisimani na kimtungi chake, anamwaga nusu njiani, na hakubali kusaidiwa.

Nilimsomea Mwanamvua barua yako. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akasema, "Ndugu yako ni fundi wa mbao, si fundi wa watu." Bibi yake mzaa mama alitoka Uzigua, kwa hiyo anajua asemalo. Anasema huko mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, lakini ukimwuliza baba umemwuliza mgeni. Achana na akina Semhando. Tafuta wanawake wasiokula kwale, maana mwiko ule ni wa ukoo na hurithiwa tumboni.

Tena anasema usikae barazani. Nenda wanakotwanga na wanakoteka maji. Jina langu usilitaje, wala chale. Waache waseme wao, nawe upime. Na usiulize nani amepotelewa na mtoto. Wako waliotoa watoto wao kwa njaa, na ukiuliza hivyo kijiji kizima kitaziba mdomo. Uliza wamemlilia nani bila kuuona mwili.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia haya tangu mwanzo. Akasema sikumwuliza. Fanya haraka, kaka yangu. Naogopa, na sina mwingine wa kumwambia.

Dada yako,
Genoveva


Mandera, 18 Desemba 1887

Dada yangu Genoveva,

Salamu, salamu sana. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Nilifanya alivyosema Mwanamvua. Nilichonga michi na miiko, nikaichukua begani, nikawa nakaa penye vinu na kutengeneza vilivyopasuka. Mwanaume anayeshika kazi ya mikono wanawake hawamwogopi, huzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Nikapita vijiji vingi hivyo. Mwishoni mwa Novemba nilifika mahali panapoitwa Kwemsala, mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na kijana mmoja akapita na kwale aliowanasa. Wanawake wawili wakaacha kutwanga, wakaondoka.

Waliporudi niliwauliza, nikiwa nimeinamia kinu, kama ukoo wao umewahi kumlilia mtu bila mwili. Mmoja akanionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Akasema huko walizika mgomba. Mtoto wa kike alichukuliwa shambani. Walingoja mavuno mawili, kisha mzee Pazi, kaka yake mama wa mtoto, akaamuru wakate mgomba, wauvike kitambaa, wauzike, watu wanyolewe, matanga yaishe. Nikauliza mtoto alikuwa na alama gani. "Tatu, begani," akasema, "kama sisi sote," akanifunulia la kwake.

Dada, mama yako yu hai. Ni mrefu, mkali wa macho, anatwanga kwa kuinua kiwiko. Watu wanamwita Mama Nyange. Nilipolisikia jina hilo nilitaka kupiga kelele kwa furaha, nikadhani bado anaitwa kwa ajili yako. Ndipo akatokea msichana mwenye mtoto mgongoni, akaitwa "Nyange," naye akaitika.

Ni mdogo wako. Alizaliwa baada ya kuzikwa ule mgomba, akapewa jina lako ili alirithi. Nilimfuata mama yako mtoni, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba yule wa kwanza yu hai, yuko Bagamoyo, ana binti. Nilidhani atalia au atanishika mkono. Alinifunika mdomo kwa kiganja chake, akageuka kumtazama yule msichana, akaniambia, "Usiliseme neno hilo tena hapa." Nikaondoka. Sijaelewa, na sitaki kukuficha.

Kaka yako,
Hieronimo


Bagamoyo, 11 Januari 1888

Kaka yangu,

Salamu na shukrani ambazo sijui kuziandika. Nina mama. Nilimwambia Marselina, "Una bibi," akauliza kama bibi ana mbuzi. Nilicheka mpaka damu ikatoka.

Mwanamvua amenieleza kuhusu jina. Kwao, anasema, jina la marehemu hupewa aliye hai ili lisipotee. Mwenyewe akirudi, jina moja linakuwa na watu wawili wa tumbo moja, na wanaamini ni lazima mmoja aliachie kwa kufa. Basi mama aliponifunikia jina langu kwa kiganja alikuwa anamlinda mdogo wangu.

Nimeshikwa na hasira, Hieronimo. Nimekaa siku kadhaa nikimchukia msichana ambaye hajanifanyia lolote. Amekula uji wangu, amelalia mgongo wangu. Kisha nikamfikiria akitwanga na mtoto mgongoni, hajui kitu, hasira ikaisha ikabaki huzuni tu. Nilitaka nibebwe kwa machela nije nimwone mama japo kwa mbali. Sitakuja.

Ila sikuwatafuta kwa ajili yangu. Rudi Kwemsala, uwaulize habari ya Marselina. Mimi waniache nilikozikwa. Mtoto je? Huyo hana jina la mtu. Damu yake ni yao, na kwa chale za begani ninaweza kumpeleka kwa mchanjaji yeyote. Waulize watampokea kama mjukuu, si kama mtoto wa kuokotwa. Nataka jibu, hata likiwa baya.

Dada yako,
Genoveva


Mandera, 22 Aprili 1888

Dada yangu,

Salamu za Pasaka. Masika yalinifungia njia, ndiyo sababu nimechelewa. Natumai unapumua vizuri kuliko mara ya mwisho.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba wako Pazi, nikapiga goti, nikasema yote, maana wakati wa kunyemelea umepita. Ni mzee mpole, hakunifokea. Alimwita mama yako, wakaketi. Mdogo wako walimtuma mtoni.

Pazi alisema hivi, nami naandika kama alivyosema. "Sisi tuliuzika mgomba ule kwa heshima. Mtoto aliyekufa mdogo hana watoto, kwa hiyo huyu binti siwezi kumweleza kwa watu. Tukimpokea tutakuwa tumesema mama yake yu hai, na jina litaanza kuvutana, nami nitamzika Nyange niliye naye. Lakini yule wa pwani ni mgonjwa, sivyo? Siku atakapokufa kweli, jina litatulia. Siku hiyo mlete mtoto, nitamshika mkono mbele ya watu wote, awe mjukuu wetu, ale shamba la bibi yake. Akiwa bado anapumua, usimlete."

Mama yako aliinamisha kichwa. Nilipoaga alinipa kikapu cha mtama bila kusema ni cha nani. Nakutumia kwa Bwanausi.

Sijui jinsi ya kukuandikia jambo hili kwa upole. Wanangoja ufe. Nikitumia maneno mengine utajua nakudanganya.

Kaka yako anayekupenda,
Hieronimo


Mandera, 15 Julai 1888

Dada Genoveva,

Salamu. Nimekaa bila jibu lako tangu Aprili. Je, mtama ulifika? Je, nimekuudhi? Wapagazi wanasema Wadachi wanakuja kuishika pwani yote, na watu wa miji wanaweka baruti akiba. Kama kuna vita njia itafungwa. Niandikie, hata mstari mmoja wa kunitukana.

Kaka yako,
Hieronimo


Bagamoyo, 20 Agosti 1888

Kwa Bwana Hieronimo, fundi seremala, Mandera.

Baada ya salamu, nasikitika kukuarifu kwamba dada yako Genoveva, mjane wa Tarcis, amefariki dunia kwa ugonjwa wa kifua. Alipata sakramenti. Hakuteseka kupita kiasi.

Wadachi wametia bendera yao hapa na watu wamekasirika sana. Bwanausi anasema safari hii huenda ikawa ya mwisho kabla njia haijafungwa, kwa hiyo mtoto Marselina anakuja naye pamoja na barua hii. Haikuwezekana kungoja zaidi. Tafadhali mpeleke mwenyewe kwa mzee Pazi.

Ili mtoto asiulizwe akakosa la kusema, aliingizwa chumbani akaagana na maiti. Maiti ilifunikwa shuka yote, na Mwanamvua alilia kwa sauti kama ipasavyo. Mtoto alikaa kitambo kirefu kuliko ilivyotarajiwa. Marehemu hakukohoa hata mara moja.

Marselina hali bamia, asilazimishwe. Anaogopa majogoo. Akikataa kulala, asuguliwe mgongo chini ya shingo, taratibu, atalala. Akiulizwa jambo husema kweli, na hilo ndilo lililofanya iwe lazima kumfanyia tulivyomfanyia. Begani amechanjwa, kidonda kimepona vizuri.

Marehemu alikushukuru sana. Alisema usihuzunike kwa kuwa ni wewe uliyeleta lile jibu, maana alilitaka.

Mimi,
Jirani wa marehemu


Mandera, 7 Oktoba 1888

Kwa jirani wa marehemu Genoveva, Bagamoyo.

Salamu. Nakuita ulivyojiita. Mwandiko wako naujua tangu tulipokuwa tukigombea ubao mmoja darasani, na ulivyotaka nikuombolee nimekuombolea. Tunasikia manowari zimepiga mji wenu kwa mizinga, na sijui kama nyumba imesimama. Bwanausi ameapa kupenya na barua hii, analalamika tayari.

Mtoto alifika salama. Nilimpeleka Kwemsala. Pazi aliwakusanya watu uani, akanitaka nitamke kifo, nikakitamka. Akamwuliza mtoto, "Mama yako amekufa?" Akajibu, "Amekufa, nilimwona." Watu wakaguna. Mdogo wako Nyange alikuwepo, akaanza kulia kwa ajili ya dada asiyewahi kumjua. Nakuambia hili kwa sababu ni haki yako.

Kisha mama yako akamchukua mtoto kumwosha vumbi la njia, pale pale mbele yetu. Akamvua nguo, akaona lile bega, akalishika. Akamwuliza, kama mtu anavyouliza ili mtoto asizubae, "Ulimgusa mama?" Marselina akasema, "Nilimshika mguu." Akauliza, "Ulikuwaje?" Mtoto akasema, "Ulikuwa wa moto, na vidole vilicheza kidogo."

Pazi aligeuza kichwa. Mimi nilitazama chini, nikajua tumekwisha. Mama yako hakutua. Alimmwagia mtoto maji kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Homa ndiyo iliyomwua. Aliyekufa kwa homa hupoa polepole." Akaweka kata chini, akapiga ukelele wa msiba kabla ya mtu mwingine yeyote, akajitupa chini kwenye tope la maji aliyoyamwaga. Wakaanza wote. Siku ile ile alinyolewa. Pazi alimshika Marselina mkono kama alivyoahidi, akamtaja mbele ya watu kuwa mjukuu wa nyumba ile.

Nilipokuwa nikiondoka mama yako alinisindikiza hadi mwisho wa mashamba. Alingoja tuwe peke yetu. Akasema, "Kifua kinamwuma sana?" Nikamwambia kinamwuma. Akasema, "Mdogo wake akifa mwaka huu, nitakuwa nimemwua mimi, na sitamwambia mtu." Nilimwuliza kama ana neno nikufikishie. Alifikiri, akasema hapana, kwa kuwa kwa wafu halipelekwi neno. Ila alikuwa analia, na mkono wangu hakuuachia mpaka nilipouvuta mwenyewe.

Mtoto analala naye, nyuma ya mgongo wake. Nimewafundisha kumsugua chini ya shingo. Majogoo bado anawaogopa. Bibi yake ana mbuzi watatu, na mmoja ameambiwa ni wake.

Usiijibu barua hii. Ikija nyingine yenye mwandiko wako nitalazimika kuichoma bila kuifungua, kwa sababu Pazi amekuwa akituma watu kuniuliza kama kuna habari za pwani. Bwanausi akirudi nitamwuliza habari za chumvi tu.

Kaka wa marehemu,
Hieronimo